Bolti Iliyobaki

Obiero alinilipa deni la miaka mitatu
kwa gari lisilowaka.
Pikapu ya Datsun, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani,
kiota cha panya chini ya kiti.
Alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili
kama mtu anayetoa mahari,
akaondoka upesi, bila kugeuka.

Fundi wa kwanza, pale Kibuye, alisema: kabureta.
Nikalipa kabureta.
Wa pili akasema: huyo ni mwongo, hii ni pampu.
Nikalipa pampu, juu ya uongo wa yule wa kwanza.
Wa tatu hakusema kitu. Alifungua boneti,
akapiga mluzi mrefu, akaifunga.
Mluzi ule ulinigharimu mia tano.

Basi nikanunua spana.
Si zote. Kumi, kumi na mbili, kumi na nne,
zile zinazopangwa juu ya gunia.
Mimi Apondi, niliyehesabu pesa za watu benki
miaka ishirini na sita, kucha safi,
nikalala chali juu ya katoni, uani kwangu Nyalenda,
oili ikanidondokea sikioni
kama siri.

Nati haifunguki kwa hasira.
Wala kwa upole, msidanganywe.
Hufunguka kwa mafuta ya taa, na usiku kucha,
na mtu aliyekwisha kukata tamaa kidogo.

Mama Nyangweso aliegemea ua:
"Apondi, umekosa mwanamume wa kukufanyia hiyo?"
Nikamjibu nikiwa chini ya gari:
"Nimeshawalipa watatu."

Nilitoa plagi nne. Tatu zilikuwa kavu,
kahawia kama meno ya mvuta kiko.
Ya nne nyeusi, mbichi, inanuka petroli.
Nikaishika muda mrefu. Ndiyo hali ileile
ya kukuta noti bandia katikati ya bunda:
vidole hujua kabla ya macho.
Nikaisugua kwa msasa. Mwanya wake
nikaupima kwa kitambulisho changu cha benki,
kile walichosahau kuninyang'anya siku ya kuniaga.
Unene barabara. Kumbe kilikuwa na kazi.

Alhamisi, mvua imekatika, lilikohoa.
Likakohoa tena, likatema moshi, likanguruma.
Kuku wakaruka. Mama Nyangweso akasahau sufuria motoni.
Nami nikacheka peke yangu kama mwehu,
hadi nilipotazama kwenye katoni.

Bolti moja.
Fupi, ya spana kumi, na washa yake shingoni
kama kola ya padri.

Nililizunguka gari lile kwa tochi siku nne.
Kila tundu lilikuwa na mwenyewe.
Benki, shilingi moja ikizidi, hakuna aendaye nyumbani;
tungekesha kuitafuta.
Lakini gari linakwenda! Linapanda Riat
na trei arobaini za mayai za kupeleka Kiboswa,
mshale wa joto umetulia katikati,
na bolti ndani ya kisahani cha majivu
inagonga kwa kila shimo: nipo, nipo.

Pale Mamboleo mtu akanipungia mkono. Obiero.
Akalitazama gari kama anayemwona marehemu sokoni.
"Lilikuwa na nini?"
"Sijui vizuri," nikasema, na ilikuwa kweli.
"Ila limenibakishia hii."
Akaipokea, akaigeuza, akacheka mpaka akashika goti.
"Hii? Hii ni ya baiskeli ya Otiato wangu!
Tuliitafuta mwaka mzima, kumbe panya."

Nikamwachia. Haki yake.

Njia nzima ya kurudi gari lilikuwa kimya.
Nikasimama mara mbili kando ya barabara,
nikafungua boneti,
nikasikiliza kilichopungua.